Mstari wa Kumi na Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Vumbi. Asubuhi nimefuta kibodi, saa nne nimefuta tena, sasa hivi herufi A haionekani. Wateja wawili tu siku nzima — mwalimu na barua yake ya kuomba uhamisho, na mama mmoja wa sokoni aliyetaka fotokopi. Wengine wote wanapita mbele ya mlango wangu wakienda kwa Joël. Tena wananisalimu. Mama Faida, umeamkaje? Kwa heshima zote! Wangepita kimya ningejua wana haya kidogo. Akufukuzaye hakwambii toka.

Joël ni kijana wa watu wa Lusangi, mtoto wa mzee Grégoire anayelima karanga. Alikuwa Bukavu miaka mingi. Mwezi wa sita amerudi na antena ya satelite na vitu kumi vyembamba, kila kimoja na kibodi yake ndogo. Watu wanaviita vibao. Kibao ukikiwasha kinafungua internet papo hapo, hakijui kazi nyingine. Unachoandika hakikai ndani yake, kinaenda kukaa huko mbali, wapi hakuna anayejua. Ordinatere yangu moja, kompyuta kamili ya meza, ni bei ya vibao sita. Na umeme ndiyo aibu kabisa: paneli moja juu ya bati inalisha vibao vyote kumi, wakati mashine yangu inamaliza betri mbili kabla ya adhuhuri, kama mkwe aliyekuja na njaa.

Lakini mashine yangu ina tumbo. Miaka kumi na tano ya Kasongo iko humo ndani: maombi ya viwanja, hotuba za harusi, barua za kumlilia Administrateri, mkubwa wa serikali hapa, kazi za mwisho za wanafunzi ambao leo ni wakubwa na hawanijui tena. Mvua inyeshe, satelite ianguke, mimi ninafungua na kuchapa.

Nimejisomea hiyo aya ya juu. Ninaongea kama muuza dawa. Basi, nilale.

Alhamisi, 7 Agosti

Habari njema! Aziza anaolewa. Aziza wetu, binti wa mdogo wangu Yakubu. Watu wa mwanamume walikuja kutoka Kabambare siku tatu zilizopita, wamepokelewa, wamekula, wamekubaliwa. Kijana anaitwa Zakaria, anaendesha pikipiki ya abiria kati ya Kabambare na hapa. Nimemwona mara mbili. Ana macho ya kusikiliza. Wanataka ndoa ipite kabla ya Maulidi.

Sasa ni zamu ya lisiti ya mahari, orodha ya vitu tunavyodai. Kwetu lisiti haisemwi kwa mdomo. Wazee wa mwanamke wanakaa, wanakubaliana, mtu wa sekretaria, duka la kuchapa kama langu, anapiga kwa mashine, wanaisoma mara moja, basi. Haisomwi mara ya pili — wanasema anayesoma mara mbili ataongeza. Inachapwa, inafungwa kwa bahasha, na wa kwanza kuifungua ni upande wa mwanamume.

Nusu ya lisiti za mji huu zimetoka kwenye vidole vyangu. Za Waislamu, za watu wa parokia, zote. Ninajua utaratibu kuliko wazee wenyewe. Nimesafisha printa, nimetoa zile karatasi nzito nilizokuwa nimeficha. Yakubu atakuja kesho baada ya sala.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuja.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo nimefanya jambo la kitoto. Niandike yote, hapa hakuna anayesoma.

Nimekwenda kwa Joël. Nilijiambia ni biashara — lazima mtu ajue jirani anapika nini. Nimevaa kitenge kizuri kabisa, ya nini sijui. Joël aliponiona alisimama.

"Mama Faida! Karibu sana. Leo umekuja kutuona."

Nikamwambia nataka tu kuangalia, macho hayalipi kodi. Akacheka, akanipa kiti cha pembeni na kibao, akanionyesha unabonyeza hapa na hapa. Halafu akatoka, akasema anapanda juu kuigeuza antena, haiko nakamata muzuri. Nikabaki.

Nisiwe mwongo: kitu ni chepesi. Hakina kelele. Mashine yangu inapumua kama mzee mwenye pumu, hiki kimya kabisa. Na kwenye kioo, karatasi zote zimepangwa kwa majina. Za nani? Za watu wote! Joël ameandikisha kila kitu kwa jina moja, lake. Kila mteja anaona karatasi za mteja mwenzake. Barua ya daktari. Deni la mtu. Na katikati: LISITI AZIZA.

Nikasogeza kiti karibu.

Nikaifungua. Imeandikwa jana, siku niliyomngoja tangu sala mpaka jua kuzama. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, ameipeleka lisiti ya binti yake kwa Joël. Pembeni wameweka maua ya rangi. Nikaanza kusoma. Baba: koti na viatu. Mama: vitenge, sufuria kubwa. Bibi: blanketi mbili. Mjomba: mbuzi na taa ya sola. Hadi chumvi ya majirani imeandikwa. Shangazi — hakuna. Nimepanda na kushuka mara tatu. Hakuna shangazi. Shangazi ni mimi, hawana mwingine.

Sikulia. Hasira yangu haina machozi, ina vidole. Chini ya blanketi za bibi nikaongeza mstari: "Kwa shangazi wa bibi arusi: ordinatere moja ya meza, mpya, na kioo chake kikubwa." Nikaupanga sawa na wenzake, herufi zile zile, namba kumi na nne, na za chini zikajisogeza zenyewe. Hata nikiwa na hasira siwezi kuandika mstari uliopinda. Nikauangalia. Nikacheka peke yangu. Hasira ikashuka.

Nikasikia Joël anashuka ngazi, nikafunga kile kidirisha haraka. Sikuhifadhi kitu. Basi, umekwisha, kama pumzi kwenye kioo. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani nimenyooka.

Jumatatu, 11 Agosti

Yakubu alipita. Anasimama mlangoni, haingii, kofia mkononi — hapo nikajua amekuja kuomba radhi. Lisiti imeshakwenda, anasema. Jana Joël amechapa na kufunga bahasha mbele yake, leo alfajiri mzee Atumani mshenga ameondoka nayo.

"Yaya, dada yangu mkubwa, usikasirike. Ni Aziza alipenda ile ya rangi, na maua pembeni."

Nikamwambia hata mimi napenda maua. Nikampa maji. Alikunywa akaondoka amefurahi. Wanaume hawa!

Mashine ya pili imegoma kuwaka. Nimeifungua, nimetoa vumbi la kujaza kikombe. Imewaka.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tumeitwa kwa Yakubu saa tatu. Mzee Atumani alikuwa amerudi kutoka Kabambare, mwekundu wa vumbi hadi nyusi. Alikunywa, akanawa uso, akakaa. Kisha akasema polepole, bila ubaya:

"Watu wa Kabambare wanasalimia. Wanauliza neno moja tu. Tangu lini ordinatere inaingia mu mahari?"

Yakubu hakuelewa. Ordinatere gani? Mzee akatoa karatasi. Maua pembeni. Yakubu akasoma akisogeza kidole, akafika kwenye namba kumi na nne, kidole kikasimama.

Mstari wangu. Umenyooka. Mzuri.

Nilihisi kama ngazi imeondolewa chini ya mguu. Sikuhifadhi! Miaka kumi na tano ninafunga bila kuhifadhi na kitu kinakufa. Ndivyo mashine zilivyo. Kumbe vile vibao havingoji amri. Unachoandika kimeshaandikwa — kidole kikiinuka, kimekwisha kwenda huko kinakokwenda. Wanafunzi wote wa mji huu wanajua. Mimi, Mama Faida wa sekretaria, sikujua.

Yakubu alipiga kelele. Wallahi hakuandika ile. Waliisoma Ijumaa, wazee wote mashahidi, haikuwemo. Kusoma tena Jumapili? Haisomwi mara mbili! Halafu akageuka kunitazama, na mimi nikafikiri: sasa. Lakini macho yake yalikuwa ya huruma.

"Amekuchezea, yaya! Ule Joël. Ameona hauna wateja, akaona akucheke — ordinatere ya shangazi! Na kama haiko yeye, basi iko mashini yake, inaongeza maneno."

Wote wakanisikitikia. Rehema, wifi yangu, akanishika mkono. Na mimi? Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza na mate.

Mzee Atumani akamaliza ujumbe. Wazee wa Zakaria wanasema: kama mstari mmoja si wenu, tutajuaje mingine ni yenu? Na kama ni wenu, mtuambie kwa nini. Mpaka hapo siku ya ndoa isimame.

Aziza alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia anavyoacha kupumua.

Jumanne, 19 Agosti

Wateja kumi na sita. Sijawahi kupata kumi na sita tangu uchaguzi.

Habari imezunguka soko lote. Vibao vya Joël vinaongeza maneno. Vingine wanasema vinapunguza. Mama mmoja ameapa kwamba barua yake ya kuomba kiwanja ilirudi na jina la mwingine. Wanafunzi wa masomo ya juu wamerudi na kazi zao za mwisho, wanapanga mstari mpaka kwa fundi cherehani. Jirani yangu Louise, wa parokia, anayeuza mandazi mlangoni pangu, ameishiwa unga saa nne.

"Ya Mama Faida haiongezi kitu," anawaambia watu. "Inaandika tu ile unasema."

Nimepiga kazi mpaka mgongo umekuwa ubao. Na nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: nilifurahi, masaa mawili hivi, kusikia printa inalia bila kupumzika. Halafu nikakumbuka furaha inatoka wapi, nikaiacha chai ikapoa.

Mdomo uliponza kichwa. Kwangu ni vidole.

Alhamisi, 21 Agosti

Rehema amekuja na sahani ya wali na samaki. Tumekula wawili, nyuma, mbali na wateja. Aziza halii, anasema, anafagia tu. Ua umefagiwa mara nne kwa siku. Zakaria hajulikani aliko, simu yake haiiti — lakini Kabambare, simu kuita ni bahati.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu: wifi, kwenye ile lisiti, kabla ya mambo haya, shangazi mlimwandikia nini?

Aliweka tonge chini. Akafunika uso kwa mkono.

"Tulisahau, wifi. Mungu anisamehe, tulisahau. Siku zote lisiti unaandika weye, na weye ndiye unauliza: shangazi iko wapi, bibi iko wapi. Safari hii hakukuwa mutu wa kuuliza. Joël, yeye anapiga tu ile anaambiwa. Nilikumbuka siku ya tatu, bahasha ilikuwa imefungwa."

Walisahau. Si chuki, si kunidharau. Nimekaa na hasira ya siku nyingi kumbe hakuna aliyeniudhi. Na kweli, katika mji huu ni mimi ninayewauliza. Watu wanafikiri wananilipa kwa kupiga herufi.

Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili, mikono yetu sahani moja. Nikamwuliza kama samaki ni wa Nyangwe. Akasema ndiyo, wa Nyangwe.

Jumamosi, 23 Agosti

Joël amekuja. Alisubiri mteja wa mwisho atoke, ndipo akaingia na kuvua kofia. Amekonda. Kwake siku hizi wanaingia watoto tu, kucheza.

Anasema anafunga. Vibao vitano amepata mtu wa kuvichukua Kindu, vingine atarudi navyo Lusangi kwa baba yake, labda shule ya huko itavitaka. Alikuja kuniaga na kuniuliza kama ninahitaji antena.

Nikamwambia: mwanangu, maneno ya watu yanapita, ngoja kidogo. Sauti yangu mwenyewe niliichukia.

Akatazama chini. Halafu akasema, taratibu kabisa:

"Mama, ile mashini inaandika saa. Kila neno na saa yake. Nilifungua historia yake ile Jumapili watu walikuja kunitukana. Namba kumi na ine iliingia siku ya posho, ile Jumamosi, saa ine na dakika makumi ine na saba. Ile saa miye nilikuwa juu ya bati."

Nje Louise alikuwa anapiga makopo yake. Nikamwuliza amemwonyesha nani.

"Hakuna mutu."

Nikamwuliza kwa nini. Kwa nini, na mji mzima unamla nyama!

"Weye iko mama. Nitasimama mbele ya Baba Yakubu, niseme dada yake alifanya hivi? Tena kosa iko yangu pia. Miye niliweka karatasi za watu wote mu jina moja, nikakuacha nazo peke yako. Kule Bukavu patro wa kazi alikuwa anatukataza. Huku nikaona watu wetu hawana siri."

Aliaga kwa mikono miwili, akaenda. Sikusema samahani. Sikusema ndiyo, ni mimi. Nilimwambia: safiri salama. Safiri salama! Mwanamke mzima, nimewasemea watu wote wa mji huu, nimewaandikia toba zao kwa Kifaransa kizuri, na yangu nimeshindwa kuitamka kwa lugha ya mama.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimekwenda hadi kwa Yakubu. Mlango ulikuwa wazi. Nilisikia anamfundisha mtoto mdogo kuhesabu. Nikageuka.

Wateja kumi na moja. Nilikosea majina mara mbili.

Nimejaribu kuandika kwenye mashine: Kwa mdogo wangu Yakubu, nina heshima ya... Ndiyo, nimeanza hivyo, kama kwa Administrateri! Nikafuta. Halafu nikafunga. Ikaniuliza: unataka kuhifadhi? Nikakaa nikilitazama lile sanduku lenye maneno mawili, ndiyo na hapana. Inakungoja. Inakuacha ufikiri. Nilikuwa naona huo ni wema wake.

Nimeweka hapana.

Joël anaondoka Alhamisi.

Jumatano, 27 Agosti

Saa tano hivi. Nilikuwa napiga hotuba ya mkuu wa shule. Pikipiki ikasimama mbele ya mlango, abiria akashuka, dereva akaendelea zake. Abiria amefunikwa vumbi mwili mzima, kilichobaki ni macho. Nikayajua macho kabla ya mtu. Zakaria.

Nilishtuka. Mchumba hatembei mji wa wakwe kabla neno halijanyooka, anajua, mimi pia najua. Nikamwingiza nyuma, nikampa maji ya kunawa, nikafunga nusu ya mlango. Alikaa pembeni ya kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Asalaam alekum, shangazi. Unisamehe. Nimekuja kwako tu, kwa Baba Yakubu sitafika. Wazee hawajui."

Nikamwambia aseme.

"Wazee wetu bado wako nabishana. Miye nimeona wakibishana mpaka Maulidi, Aziza atachoka. Ile kitu imeandikwa, nitaileta. Kama waliandika ao mashini iliandika, miye haiko kazi yangu. Lakini sijui hizi vitu. Watu wananiambia, chukua ile ndogo ya internet, bei iko chini, yote ni moja tu. Wengine wanasema hapana, wameandika ya meza, ukileta ndogo umetukana wakwe. Sitaki kuleta kitu cha haya. Na mu Kasongo yote ni weye unajua mashini. Tena iko ya weye mwenyewe! Uniambie tu, shangazi, unapenda ya namna gani. Nitafuata mpaka Kindu."

Akatoa kikaratasi na kalamu ya bic. Akaifungua bic. Akangoja.

Nikamwuliza pikipiki yako iko wapi, mbona umekuja nyuma ya mtu.

"Nimeuzisha," alisema. Hivyo tu. Kama mtu anayesema amekata nywele.

Kwa nani? Kwa jamaa wa Kabambare. Lini? Juzi. Na utakula nini, na utamlisha nini Aziza? Akatabasamu, meno meupe katikati ya vumbi: "Mungu iko. Nitaendesha ya watu."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye kreti ya Louise. Louise akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia: nenda kaniitie Yakubu. Nenda sasa. Na ukipita, mwite Joël. Aje na kile kibao.

Wote wawili? akauliza Louise, na mkono juu ya mdomo. Wote wawili.

Sasa wamefika. Nimewaketisha hapa ndani, Louise ameleta chai na mandazi. Nimewaambia wanisubiri kidogo, nimalize karatasi moja ya mteja. Hakuna karatasi ya mteja. Naandika hii. Mashine nimeizima, nimechukua kalamu — angalia mistari hii ilivyopinda.

Yakubu alipomwona Zakaria alisimama, nusu hasira nusu aibu, hakujua ampe mkono au amfukuze. Amempa mkono. Sasa anauliza kwa sauti ya juu tumeitiwa nini, ana watu dukani, na huyu — anamwonyesha Joël kwa kidevu — huyu anafanya nini hapa. Zakaria ameweka kikaratasi chake juu ya goti, bado kitupu. Anafikiri kazi ya mteja wangu ikimalizika nitamtajia aina ya mashine.

Joël hagusi chai. Kibao kiko mapajani mwake, kimefungwa. Amenitazama mara moja. Si jicho la kunidai. Ni jicho la mtu anayemwona mama amebeba mzigo na anatafuta apokee wapi.

Niseme vipi? Niseme "nilikosea"? Niseme "nilikuwa na hasira"? Yakubu atauliza hasira ya nini, na itabidi niseme mbele ya mkwe kwamba nilimngoja Ijumaa nzima. Basi nitasema. Na ile pikipiki itarudi, nitauza mashine zote mbili ikibidi...

Joël amesimama. Ameanza kusema yeye: "Baba Yakubu, unisamehe, ile namba kumi na ine ni miye —"

Hapana! Sitamwacha amalize.